Wazee wetu wanayakimbia mazoezi ya mikanda ya mpira, nifanyeje wayapende?

Binti wa Mtoni (mleta uzi)

Wakuu salaam, na walio wakubwa kwangu shikamooni.

Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mnisomee hadi mwisho. Niko Mtoni, Temeke, naishi na bibi yangu. Mwaka jana alianguka usiku akitoka chooni. Mungu bariki hakuvunjika, lakini kuanzia hapo akawa haiamini miguu yake. Shughuli za mtaani haendi, dukani anatuma watoto, swala anaswalia kitini kwa sababu anaogopa kwamba akisujudu hatanyanyuka. Nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, akafundishwa mazoezi ya kusimama na ya kuvuta mkanda wa mpira. Baada ya miezi miwili nilimkuta anainuka mkekani peke yake. Nililia siku ile.

Majirani wakaona, nao wakataka. Ndivyo kilivyoanza kikundi: wazee 11, wanawake 8 na wanaume 3, mdogo ana miaka 61 na mkubwa ana 79. Tunakutana uani kwetu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Wiki mbili za mwanzo walijaa. Sasa ni wiki ya tano na wamebaki wanne, mmoja wao ni bibi yangu ambaye hata angekuwa anaumwa angekuja kwa ajili yangu. Nikawafuata wengine majumbani. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, unatuhesabia kama watoto wa chekechea." Mzee mwingine akasema kwa upole kabisa kwamba yeye anauvuta tu ule mpira, hajui anaupeleka wapi. Neno lile limenikaa moyoni.

Ninachowafanyisha ni hiki: wanasimama nyuma ya viti vya plastiki, mkanda nimewafunga vifundoni, wanainua mguu pembeni mara 10, nyuma mara 10, kisha wanakunja mikono na mkanda mara 10. Mimi nahesabu. Nimeyatoa kwenye video za mtandaoni, nikayapanga kwa kufuata zile video.

Nataka yawe mazoezi wanayoyasubiri, siyo wanayoyavumilia, na nataka asianguke mtu mikononi mwangu. Pia mikanda ninayo minne tu. Mipira ya tyubu ya baiskeli inafaa? Na rangi za mikanda zina maana gani? Natanguliza shukrani.

---

Mwana wa Kunduchi

Dada, huyo mzee aliyeuliza mpira anaupeleka wapi amekupa jibu lote. Muulize zamani alikuwa anavuta nini.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Uzeeni ukimwambia "nyoosha mkono" alikuwa anakuangalia tu. Lakini mpe kamba ashike, mwili mzima unaamka: mguu mmoja mbele, magoti yanalegea kidogo, kiuno kinakaa sawa, halafu ndiyo anavuta. Ule mkao hakufundishwa na mtu, ni wa juya, wavu mkubwa wa kuvulia samaki unaovutwa kwa kamba. Huwezi kuvuta juya umesimama kama mlingoti, mawimbi yatakulaza.

Wapange wawili wawili wanatazamana, mkanda mmoja katikati, huyu anavuta yule anaachia taratibu. Mikanda minne inatosha watu wanane. Na usihesabu wewe. Awepo mwenye sauti, aite "Harambee!", wenzake waitikie "Heee!" na kuvuta. Hapo hakuna wa chekechea.

---

Mguu Njiani

Wazee watembee tu asubuhi, inatosha. Haya ya mipira ni kuwachosha.

---

Fizio wa Temeke

Mkuu Mguu Njiani, kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa sukari, siupingi. Ila kutembea peke yake hakumfundishi mtu kujishika pale mwili unapoyumba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu wa miaka 65 na kuendelea afanye mazoezi ya mchanganyiko yanayotilia mkazo usawa wa mwili na nguvu, siku 3 au zaidi kwa wiki. Na kuanguka si jambo dogo: kwa hesabu za shirika hilohilo watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Zetu hizi.

Sasa mleta uzi. Nimefanya mazoezi tiba kwa miaka mingi, nitakueleza kama ningekuwa nimesimama hapo uani.

Kesho asubuhi ondoa mkanda vifundoni. Mtu anapoyumba, kinachomwokoa ni mguu kuruka haraka kwenda kushika chini. Wewe umeufunga. Uweke juu ya magoti, au washike kwa mikono, basi.

Pili, mkanda unajenga nguvu, lakini usawa unajengwa na namna miguu ilivyokaa. Mzee akivuta mkanda amekaa kitini mwaka mzima atapata mikono imara na bado atayumba akisimama. Kwa hiyo anza na miguu sambamba, kisha nusu hatua, kisha kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine. Na kiti: mikono miwili, mkono mmoja, kidole kimoja, halafu hewani. Ukitaka kuongeza ugumu, gusa kitu kimoja tu. Siku unayomwachisha kiti usimpe na mkanda mzito, hapo ndipo watu wanapoanguka.

Viti vya plastiki ni vyepesi na vinateleza, viegemeze ukutani. Kandambili zivuliwe, raba ni bora. Mwenye sukari asifanye peku, maana nyayo zake huenda hazisikii msumari wala kokoto. Na asije na tumbo tupu, uwe na kitu kitamu karibu.

Mkanda una tabia moja: kadiri unavyonyooka ndivyo unavyovuta zaidi. Mzee anamaliza kuvuta akiwa na nguvu kidogo, na mkanda ndio kwanza una nguvu nyingi. Akiuachia ghafla unamvuta yeye. Wafundishe kurudi polepole kuliko walivyokwenda. Kwangu mimi huko kurudi ndiko kwenye zoezi lenyewe.

Rangi: kwa watengenezaji wengi njano ndiyo laini, kisha nyekundu, kisha kijani, lakini si wote wanafuata hivyo. Amini mwili wa mtu. Akivuta mara 10 kwa mkao mzuri, mbili za mwisho zikawa ngumu na bado anaweza kukujibu, huo ndio wake.

Presha: pima kabla. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo anakaa pembeni na anaelekezwa hospitali. Wengine wote wasibane pumzi wakivuta, maana kubana pumzi kunapandisha presha. Ndiyo sababu wazo la ndugu wa Kunduchi nimelipenda sana, mtu anayeitikia "Heee!" hawezi kubana pumzi. Wanaotumia dawa za presha wakisimama kutoka kitini wasubiri kidogo kwanza, kizunguzungu kipite.

Kupima maendeleo, weka kiti chenye mikono, chora mstari mita 3 mbele. Mtu ainuke, aende mpaka mstarini, ageuke, arudi, akae, kwa mwendo wake wa kawaida. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka, mkae naye karibu. Pima tena baada ya wiki 8. Kila mtu ashindane na namba yake mwenyewe, usiwapambanishe.

Na usikate tamaa kwa kuwa huna jengo wala mashine. Huko Nyuzilandi, Chuo Kikuu cha Otago kilitengeneza mazoezi ya nguvu na usawa ya kufanyia nyumbani, wazee wakiwa na vizito vidogo vya vifundoni na kitu imara cha kushika, mara 3 kwa wiki pamoja na kutembea. Maanguko yalipungua kwa takriban asilimia 35. Kilichofanya kazi ni kuendelea. Kwa hiyo swali lako la kuwafurahisha si la pembeni, ndilo lenyewe.

---

Bi Mkubwa Magomeni

Mimi nina miaka 68, nawasoma kwa miwani.

Mwanangu, mimi nilikimbia kikundi kama chako, sikumwambia mwenyewe sababu. Nakwambia wewe. Sikuona haya kufanya mazoezi, niliona haya kuinua mguu nyuma na kupinda kiuno mbele ya shemeji zangu na wakwe. Wanaume wasimame mbele, wanawake nyuma, au mduara wote mkiangalia nje. Jambo dogo lakini lilinirudisha nyumbani. Dera nalo ni refu, tutakanyaga. Tuambie tuje na suruali ndani na khanga tujifunge kiunoni, tutaelewa.

Halafu usituite "wazee wangu" kila sentensi. Tuna majina ya watoto wetu.

Jingine. Kabla hujapanga zoezi tuulize tunaogopa nini. Mimi naogopa kushuka daladala. Gari halijasimama vizuri, konda anapiga bodi, nyuma wanasukuma, mbele mtaro. Ningekuta mahali wananifundisha kushuka daladala ningekuja hata kwenye mvua.

---

Fundi Tandika

Kuhusu tyubu, nauza na kukata kila siku. Kwa kufungia mzigo safi. Kwa mtu mzima wa miaka 70 sikushauri. Tyubu haina kipimo, moja laini nyingine ngumu kama kamba, na ikiwa imeliwa na jua ina nyufa usizoziona mpaka inapokatika, na ikikatika inarudi usoni. Hata mikanda yenyewe usiiache juani, ikague kwa kuivuta mbele ya mwanga. Ukiona kitundu au mchaniko, tupa.

---

Binti wa Mtoni

Shikamoo Bi Mkubwa, na asante kwa kunifungua macho. Kaka Fizio, mikanda ya vifundoni nimeifungua leo leo, nimesikia baridi nilivyosoma. Fundi, nimekuelewa. Wote Mungu awalipe. Naenda kuwauliza wenyewe, nitarudi.

---

Binti wa Mtoni (wiki 7 baadaye)

Wakuu nimerudi.

Siku ya kwanza hatukufanya zoezi hata moja. Bibi alipika kahawa, kukawa na kashata, nikawaomba kila mmoja aniambie kazi aliyoifanya na mwili wake ujanani na kitu anachokiogopa sasa. Tulikaa mpaka saa 4. Nilidhani nawajua hawa watu, nimekulia mikononi mwao, kumbe sikuwajua.

Mazoezi tuliyonayo sasa wameyatunga wao. Liko la juya, wawili wawili, mguu mmoja mbele. Lilianzishwa na yuleyule mzee aliyeuliza mpira anaupeleka wapi, naye kumbe alikuwa baharia wa majahazi. Yeye ndiye anayeita. Liko la kisima, la wanawake waliokulia Rufiji na Kisarawe: mkanda tumeufunga kwenye tawi la mwarobaini, kabla ya kila kipindi navuta kwa uzito wangu kuhakikisha, wanavuta kuja chini mkono kwa mkono kama kamba ya ndoo huku wakihamisha uzito mguu hadi mguu. Kutwanga lilitokea hapohapo, mama mmoja alibadili tu mdundo, wenzake wakampokea kwa kupokezana kama kinuni.

La kukaa na kuinuka kitini, mkanda ukiwa juu ya magoti, wanaume wamelipa jina la mchakamchaka, kwa sababu wawili walipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na hawawezi kuinuka bila kuitikia.

Na la daladala, Bi Mkubwa, lipo kwa ajili yako. Tuna kibaraza kifupi, hakifiki nusu ya ngazi. Mtu anasimama juu yake ameshika mkanda kwa mikono miwili mbele ya kifua, ameunyoosha, mimi niko ubavuni. Bibi wa miaka 79 ndiye konda. Anapiga ukuta na kuita vituo, Mtoni kwa Aziz Ali, Mtongani, na unaposikia kituo chako unatanguliza chini mguu ulio dhaifu, wenye nguvu unabaki juu kukushikilia, ukiwa umetulia, hata konda akikuharakisha. Wanacheka mpaka wanafuta machozi, na hakuna anayenung'unika kwamba tumerudia mara nyingi.

Waliorudi ni tisa. Wawili bado. Mmoja magoti yamemzidi, nimemwelekeza hospitali kwanza. Mwingine anauguza mumewe, hatoki. Tulipima ile ya mita 3 siku ya pili: bibi yangu alitumia sekunde 17, juzi katumia 13. Bado hajafika, lakini anaijua namba yake na anaiulizia kama mtu anayeulizia mjukuu. Ijumaa iliyopita alisujudu chini.

Sasa nina shida moja. Masika yanakaribia na uani kwetu maji hujaa, tope linateleza. Nikisimamisha kwa miezi miwili nitawapoteza. Mnanishauri nini?

---

Bi Mkubwa Magomeni

Marahaba mwanangu. Nimesoma la daladala mara tatu.

Ofisi ya serikali ya mtaa wenu haina baraza lenye bati? Asubuhi saa 1 haina kazi. Usiende peke yako kuomba. Nenda na wao, watatu wanne, huyo baharia atangulie, na mikanda muibebe mikononi.