Naomba ushauri: nimweleweshe vipi binti yangu kuhusu mbu na dawa?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbagala, binti yangu yuko kidato cha nne. Jana tulipuliza dawa chumbani; asubuhi mbu katulia kwenye chandarua, tumbo jekundu. Binti akasema, "Wamezoea dawa."

Nikamwambia hapana, mbu mmoja hazoei. Wachache walizaliwa na vinasaba vya kuhimili sumu. Wenzao wakafa, wao wakazaana, na vizazi vya mbu hufuatana upesi, sasa ndio wengi. Huo ndio uteuzi asilia. Akauliza: hivyo vinasaba vilitoka wapi kabla ya dawa? Nikajibu ni mabadiliko ya bahati tu kwenye DNA, akaona namkwepa.

Walimu wa baiolojia, mfano gani utamfumbua macho? Nisaidieni, mtihani umekaribia.