Hivi kuna mtu asiyeogopa kitu chochote kabisa?

kijana_wa_muheza: Wakuu habari za muda huu. Kila nikishika simu nakutana na hawa motivesheni spika, hofu ndo inatuweka kwenye umaskini, ua hofu, acha kazi, jilipue. Jamaa yangu kajilipua kweli, kachukua mafao yote kaweka kwenye kuku na chanjo hakutaka hata kusikia maana kuwaza magonjwa eti ni woga, kideri kikapita bandani kikafagia wote. Sasa hofu ikiondoka kabisa tutakuwa bora au ndo tutaisha mapema?

fundi_mitambo: Mkuu mtu wa hivyo yupo Marekani, ni mama mmoja, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa wanamwita SM kumficha jina. Ugonjwa wa kurithi, nadra sana, uliharibu amigdala zake zote mbili, ni visehemu vidogo ndani ya ubongo vinavyoshtua mwili ukiona hatari. Walimpeleka duka la nyoka, na mwenyewe alishasema nyoka hawapendi kabisa, kufika pale kamshika mmoja anamgusa ulimi anaomba na wale wakubwa wa hatari wenye duka wanamkatalia!! Kuna usiku jamaa alimwekea kisu shingoni, kesho yake mama kapita palepale.

kijana_wa_muheza: Duh. Si raha hiyo?

fundi_mitambo: Raha gani, kisu kawekewa, bastola kawekewa, hajui kukaa mbali na watu wabaya. Halafu cha ajabu, 2013 watafiti waliandika kwamba walimvutisha hewa yenye kabonidayoksaidi asilimia 35, yuleyule wa nyoka akapaniki, anapunga mkono barakoa itolewe. Yaani hatari ya nje haimshtui ila pumzi ikikata mwili una njia nyingine ya kupiga kengele.

mpemba_halisi: Hiyo hofu ya mtu mmoja, ya mji mzima je? Nyie hamuijui Popobawa ya 1995, lile jini lililosemekana kuvamia watu usiku wakiwa wamelala. Ilianzia kwetu Pemba ikavuka Unguja, ikiingia magharibi watu wazima na heshima zao wanatoa mikeka wanalala nje kwa makundi, ndani hakulaliki. Wataalamu wanasema lile ni jinamizi, akili imeamka mwili bado, unahisi kifua kimekaliwa. Haya, tuseme jinamizi, lakini jinamizi halikumpiga mtu. Kuna mgonjwa wa akili alitoka bara akauliwa na watu Unguja wakidhani ndiye, na waliomuua si majambazi, ni watu walewale wa kwenye mikeka.

chizi_fresh: Na mwaka huohuo Oktoba ndo uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, au nayaunganisha mimi tu?

mpemba_halisi: Si wewe tu ndugu yangu, wa chama hiki walisema limetumwa na wale, na wale wakasema limetumwa na hawa.