Acheni kuwaambia watu wamwage maranda kwenye uwanja wa kuku usio na paa!

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa nimekasirika na sitazunguka. Kila mtu akiuliza humu atandike nini kwenye uwanja wa nje wa kuku, dakika chache tu majibu yameshajaa: "mwaga maranda", "weka pumba", "nyasi kavu zinatosha". Hakuna hata mmoja anayemuuliza kama uwanja una paa, kama udongo ni mfinyanzi au kichanga, wala maji ya paa la banda yanamwagikia wapi. Mnampa jibu la ndani ya banda mtu aliyeuliza habari za nje, kisha kuku wake wakianza kuhara damu mnarudi kumwandikia majina ya dawa. Inatosha!

Maranda yanafanya kazi ndani kwa sababu ndani ni kukavu. Yananyonya unyevu wa kinyesi, halafu hewa inaukausha. Nje yananyonya mvua kwanza, na yakishashiba mvua hayana tena nafasi ya kinyesi. Kuku mkubwa mmoja anatoa takriban gramu 100 hadi 150 za kinyesi kibichi kwa siku, na karibu robo tatu yake ni maji. Kuku 10 ni kilo moja na zaidi kila siku, juu ya tandiko lililokwisha kulowa. Miguu yao inalishindilia mpaka linakuwa kama keki iliyoharibika: juu ganda, chini uji mweusi usiopata hewa. Hapo amonia, ile gesi kali ya kinyesi, inaanza. Ukiisikia wewe uliyesimama, fikiria kuku ambaye pua yake iko karibu na ardhi mchana kutwa. Macho na koo lake ndivyo vinavyoumia.

Halafu kuna koksidia, vijidudu vya utumbo vinavyoleta huko kuhara damu. Mayai ya vijidudu hivi yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo; yanahitaji unyevu, hewa na joto ili yakomae. Kwenye nyuzi joto 25 hadi 30 na unyevu wa kutosha, siku moja au mbili zinatosha. Kwa hiyo unapomshauri mtu atandike kitu kinachoshika maji mahali kuku wanapodonoa, unamtengenezea mazingira ya ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe.

Nyasi kavu na mabua ni mabaya zaidi. Bua linashika maji ndani na kuota ukungu. Ukilifunua na likatoa vumbi la kijani au kijivu, hizo ni mbegu za ukungu zinazoingia kwenye mapafu ya kuku, na vifaranga ndio wanaokufa kwanza. Nyasi ndefu nazo humezwa zikafungamana ndani ya gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Pumba za mpunga sizijadili: mvua kubwa moja zinaelea na kuondoka.

Sasa sikilizeni mnachopaswa kumwambia mtu. Kwanza maji, tandiko baadaye. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la banda la mita za mraba 12 likipigwa na mvua ya milimita 30 linamwaga lita 360, na bila gata zote zinaishia uwanjani. Afunge gata, apeleke maji nje ya uzio. Achimbe mtaro wenye kina cha sentimita 20 hadi 30 upande ule maji yanakotokea. Ardhi yenyewe iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Kujua kama ardhi inanyonya, achimbe shimo la sentimita 30, alijaze maji, yakishanywea alijaze tena. Kama saa kadhaa baadaye maji bado yamekaa, huo ni mfinyanzi na lazima uwanja uinuliwe kwanza.

Tandiko ninalolipendekeza kwa uwanja wa wazi ni vipande vya matawi yaliyosagwa kwa mashine, vikubwa, sentimita 2 hadi 5. Vikikaa vinaachiana nafasi, maji yanapita na hewa inaingia. Mbao ina kaboni nyingi, kinyesi kina naitrojeni nyingi. Vikichanganywa na kuku wenyewe wanapochakura, vinaoza polepole bila kunuka. Unene uwe sentimita 20. Uwanja wa mita 4 kwa 5 unahitaji mita 4 za ujazo, si magunia mawili! Pigilia mbao za kimo cha sentimita 25 chini ya uzio, la sivyo kuku watalitupa lote nje. Likishuka, ongeza sentimita 5 juu. Tabaka la chini likigeuka udongo mweusi, lichimbeni mpeleke kwenye lundo la mboji.

Msikubali mabaki ya mbao zilizopakwa rangi wala zilizotiwa dawa ya mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Maganda ya kakao pia hapana, yana theobromini, ambayo ni sumu kwa kuku.

Kupima ni rahisi. Chimbua sentimita 5 chini, chukua gao moja, likamue. Maji yakichuruzika kati ya vidole, uwanja wako umekufa, usisubiri harufu. Likiwa na unyevu kidogo na linamomonyoka ukifungua kiganja, liko sawa. Nyuzi nyeupe zilizoshikamana na vipande vya mti zisikutishe, hizo ni kuvu za kuozesha mti. Kinachotisha ni kile kinachopeperuka kama unga.

#2 (mchangiaji)

Mkuu, uko sahihi, lakini mchanga umeuacha na watu wengi wanao. Mchanga unafaa kama uwanja una paa na mwenyewe yuko tayari kuzoa kinyesi kwa reki kila siku. Uwe wa mto, wenye punje kubwa, uliooshwa, unene wa sentimita 12 hadi 15. Kwa uwanja wako wa mita za mraba 20 hiyo ni karibu tani 4, kwa hiyo mtu ajipange. Mchanga laini unashikana na kutoa vumbi. Wa baharini una chumvi, na kuku hawaivumilii. Na usimwagwe juu ya tope hata siku moja, unazama.

Kingine kinachoniudhi ni chokaa. Watu wanashauriwa kunyunyizia chokaa ya kujengea huku kuku wakiwa ndani! Ikikutana na unyevu inaunguza nyayo na macho. Chokaa ya kilimo haiunguzi, lakini haiui mayai ya koksidia wala haizuii mvua.

#3 (mwanzisha uzi)

Asante mkuu, yote ni kweli. Naongeza zulia la nyasi bandia: kinyesi kinajificha chini yake, na kuku wanang'oa nyuzi na kuzimeza. Kokoto zenye ncha kali nazo zinachana nyayo, vijidudu vinaingia, mguu unavimba na kutunga usaha.

Kwa aliyekwisha kuharibikiwa: usimwage kitu kikavu juu ya uji. Hamishia kuku pengine, chota tabaka lote lililooza kwa koleo mpaka ufikie ardhi ngumu, kwa kawaida sentimita 5 hadi 10. Rekebisha gata na mtaro, acha jua lipige siku kadhaa, ndipo utandike vipande vya matawi. Mlangoni na kuzunguka vyombo vya maji weka unene wa sentimita 30, maana hapo ndipo kuku wanaposhinda na ndipo panapolowa kwanza.