Ile chipu ya kwenye jicho inayorudisha kuona, mzee wangu anaweza kufanyiwa?

Mwanapangani

Wakuu salaam, naomba kujuzwa kwa yeyote anayefahamu haya mambo ya macho. Mzee wangu ni fundi cherehani, kashonea watu sare za shule miaka na miaka, sasa hivi haoni. Jicho la kulia giza kabisa, la kushoto anaona kidogo pale katikati tu, ukikaa pembeni yake hajui kama upo mpaka uongee. Ilianza taratibu sana, sisi nyumbani tukadhani ni uzee, mara anagonga fremu ya mlango, mara anapiga kikombe cha chai kinamwagika, mwisho hata kutia uzi kwenye sindano ikawa ni kuita mtu. Hospitali walituambia mshipa wa jicho umeharibika na hauwezi kurudi, wakampa dawa ya matone basi.

Sasa juzi bro kaletewa video WhatsApp, bibi mmoja Uingereza kawekewa chipu ndani ya jicho inayoshika mwanga, anasoma maneno kabisa. Nyumba nzima imechangamka. Bro anataka tuuze kiwanja cha Muheza tumpeleke mzee nje, mama naye yuko upande wake, mzee mwenyewe hasemi kitu ila ile video kaomba asimuliwe mara mbili. Mi ndo nimewaambia ngojeni kwanza niulize. Hii kitu ni ya kweli? Inafanyaje kazi? Na je inafaa kwa kila asiyeona au kuna wengine haiwafai?

OptoMoro

Mkuu pole sana na mzee. Mimi ni mtaalamu wa optometria, yaani kupima macho, nipo Morogoro, ngoja nijibu kwa urefu maana hili swali naulizwa sana tangu hiyo video ianze kuzunguka.

Ni ya kweli, sio utapeli. Inaitwa PRIMA. Ila kabla ya yote inabidi ujue jicho linavyoona. Nyuma ya jicho kuna retina, utando mwembamba sana wenye tabaka za seli. Tabaka moja kazi yake ni kupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme mdogo mdogo, hizo ndo seli za mwanga. Zinapeleka kwa seli za katikati, hizo zinapeleka kwa seli za mwisho ambazo nyuzi zake zinakusanyika zinakuwa mshipa mmoja mnene, ndo huo neva ya jicho, unaenda mpaka kwenye ubongo. Kuona kwenyewe kunatokea kwenye ubongo.

Sasa kuna magonjwa yanaua zile seli za mwanga tu lakini seli za katikati na mshipa vinabaki hai. Hapo ndo chipu inapoingia. Ni kidude cha milimita 2 kwa 2, unene wake kama nusu ya unywele, wanakichomeka chini ya retina pale seli za mwanga zilipokufa. Ina vipande 378, kila kimoja ni kama sola ndogo sana, kikipigwa na mwanga kinatoa umeme kinaishtua seli ya katikati, safari inaendelea kama kawaida. Hakuna waya, hakuna betri ndani ya jicho. Mgonjwa anavaa miwani yenye kamera, picha inaenda kwenye kompyuta ndogo ya mfukoni, inakuzwa na kusafishwa, halafu miwani inairusha kwenye chipu kwa mwanga wa infraredi. Wametumia infraredi kwa sababu seli nzima zilizobaki haziuoni, kwahiyo ule uoni wake wa asili wa pembeni hausumbuliwi.

Umeona mtego ulipo? Chipu inategemea mshipa mzima. Mshipa ukifa, chipu itatoa umeme lakini hakuna njia ya kuufikisha kwenye ubongo. Na wewe umeandika mwenyewe "mshipa umeharibika", halafu anaona katikati pembeni haoni. Sitaki kutoa hukumu kwa simu, ila nakuomba kitu kimoja, tafuta kadi yake ya hospitali uangalie jina la ugonjwa lililoandikwa. Na kiwanja msikiguse kwa sasa, tafadhali sana.

Zuhura_Köln

Nakazia alichosema OptoMoro. Mimi ni nesi huku Ujerumani, sipo kitengo cha macho ila hii habari niliifuatilia maana huku wazee wengi wana ugonjwa ambao chipu hii imejaribiwa kwao, na profesa aliyeongoza ripoti ya majaribio ya PRIMA, Frank Holz, yupo Bonn hapa jirani.

Walioifanyia majaribio walikuwa 38, hospitali 17 nchi 5 za Ulaya, matokeo yametoka Oktoba 2025. Wote walikuwa na aina moja tu ya ugonjwa, ule wa makula unaokuja uzeeni, aina kavu ikishafika hatua ya mwisho. Makula ni pale katikati ya retina tunapotumia kusoma na kutambua sura. Kwahiyo wao ni kinyume cha mzee wako, pembeni wanaona, katikati ndo kuna shimo. Baada ya mwaka walipimwa 32, na 26 kati yao uoni ulikuwa umepanda kwa kiwango cha maana, kwa wastani mistari mitano kwenye lile bango la herufi. Watu ambao walishakata tamaa ya kusoma tena. Mimi nimefurahi mno kwa hili, lazima niseme.

Ila ile video haioneshi kila kitu. Wanachoona ni cheusi na cheupe, hakuna rangi, wanasoma herufi moja moja taratibu huku wanakuza picha kwa kitufe, na ni mazoezi ya miezi mingi mpaka ubongo ujifunze kuelewa zile ishara. Sura ya mjukuu hawaioni vizuri. Na upasuaji una hatari zake, nusu ya wagonjwa walipata matatizo makubwa kama presha ya jicho kupanda au retina kuchanika, mengi yaliisha ndani ya miezi miwili. Kampuni iliomba kibali cha kuuza Ulaya mwaka 2025. Kwahiyo mtu akikwambia India kuna hospitali inaweka hii chipu leo kwa hela ya kiwanja, kimbia.

Salim_Likoni

Hamjambo. Mimi naandika kwa kusikiliza simu inavyonisomea, kama kuna herufi imekosewa mnivumilie. Nina retinitisi pigmentosa, ni ya kurithi, usiku nilianza kushindwa kuona nikiwa shule ya msingi halafu uoni ukabana mpaka ukabaki tundu na sasa hata tundu hamna. Ugonjwa wangu unaua seli za mwanga, kwahiyo kimsingi mimi ndo mtu wa hizi chipu, nimezifuatilia tangu nikiwa kijana na nataka ndugu Mwanapangani ajue historia yake maana hii sio ya kwanza.

Kulikuwa na Argus II ya kampuni ya Second Sight, Marekani. Ilikuwa na elektrodi (vidude vya kutoa umeme) 60 tu, inakaa juu ya retina, nayo ilitumia kamera ya miwani. Ilipata kibali Marekani 2013, bei ilikuwa kama dola 150,000 bila gharama ya upasuaji. Watu zaidi ya 350 duniani waliwekewa. Waliona mwanga, kingo za mlango, mistari ya barabara, na kwa mtu aliye gizani hiyo sio kitu kidogo. Halafu 2019 kampuni ikaacha kuitengeneza, 2020 ikafukuza karibu wafanyakazi wote. Watu wakabaki na mashine ndani ya jicho, miwani ikiharibika hakuna wa kuitengeneza, wengine walikuwa wanatafutiana vipuri wenyewe kwa wenyewe. Nilipoyasoma hayo nililala na uchungu.

Wajerumani nao walikuwa na yao, ya Profesa Zrenner wa Tübingen. Hiyo ndo niliipenda kuliko zote kwa sababu chipu yenyewe ndo ilikuwa inashika mwanga, vipande 1,500, hakuna kamera, ukigeuza jicho unaangalia unapotaka kama mtu yeyote. Umeme wake ulipitia waya chini ya ngozi mpaka nyuma ya sikio. Kibali 2013, kampuni ikafungwa 2019. Na hata hii PRIMA, Wafaransa wa Pixium walioianza walifilisika, ikanunuliwa na kampuni ya Marekani, Science Corporation, mwaka 2024. Mwanasayansi mwenye wazo, Daniel Palanker wa Stanford, ameihangaikia miaka mingi.

Sisemi haya kuvunja mtu moyo. Mimi bado nasubiri. 2021 kuna mzee wa miaka 58 mwenye ugonjwa kama wangu walimchoma sindano ya jicho yenye jeni ya mwani, seli zake za mwisho zikaanza kushika mwanga zenyewe, akivaa miwani maalumu akaweza kugusa daftari lililo mezani. Hakuna chipu kabisa. Hapo ndo macho yangu yalipo. Lakini ukiuza kiwanja, uliza kwanza nani atakuwepo miaka kumi ijayo kukitengeneza hicho kitu kikiharibika ukiwa Pangani.

Mwanapangani

Wakuu nashukuru sana, kaka Salim na wewe nakuombea. Nimeipata kadi, mwandiko mbaya ila nimemuuliza binti wa jirani anasoma uuguzi, kaniambia imeandikwa glaukoma macho yote. Ndo ile presha ya macho? Mama anasema mzee ana presha ya kawaida pia na alidhani vile vidonge vinatibu vyote viwili, matone akaacha kitambo yalipoisha.

OptoMoro

Ndiyo mkuu, ndo hiyo. Na pole, kwa glaukoma hizi chipu zote zilizotajwa hapo juu hazimfai, ugonjwa unaua mshipa wenyewe. Kilichokufa hakirudi kwa chipu wala kwa upasuaji uliopo leo. Kuna watu wanajaribu kuweka elektrodi moja kwa moja kwenye ubongo ila hiyo bado ni majaribio.

Lakini sikiliza, hapa kuna haraka. Vidonge vya presha ya damu havitibu presha ya jicho, ni vitu viwili. Lile jicho la kushoto bado lina uoni wa katikati, na bila matone ule uoni unaendelea kuliwa kila siku. Mrudishe kliniki wiki hii, sio mwezi ujao. Mwambie daktari kama mzee ana pumu, maana matone ya timolol ambayo ndo yapo mengi na ni ya bei nafuu hayafai kwa mwenye pumu, watampa mengine. Kama matone hayatoshi au hamuwezi kununua kila mwezi, uliza kuhusu leza au upasuaji wa kushusha presha, ile hela ya bro inaweza kufanya kazi hapo na ikabaki.

La pili, nyie watoto wake. Glaukoma inatembea kwenye familia, na sisi Waafrika inatushika mapema na kwa ukali. Mwanzoni haiumi, haiwashi, jicho moja linaziba pengo la jingine mpaka siku umechelewa. Kila mmoja wenu aliyefika miaka 35 na kuendelea, na wadogo zake mzee pia, mkapimwe presha ya jicho na mshipa uangaliwe kwa taa. Msikubali kupimwa bango la herufi tu mkaambiwa mko sawa, unaweza kusoma mstari wa chini kabisa na glaukoma unayo.

Salim_Likoni

Na mzee atafutiwe fimbo nyeupe na mtu wa kumfundisha kutembea nayo, Chama cha Wasioona Tanzania waulizeni wana matawi mikoani. Simu nyingi za Android zina TalkBack ndani, ile ya kusoma skrini kwa sauti, hainunuliwi, mfungulie kwenye settings. Kama anapenda redio atajifunza haraka. Na cherehani msimuuzie, nawajua mafundi wasioona wanaoshona mshono ulionyooka kwa vidole, akiwa na mtu wa kumkatia kitambaa na kumtilia uzi.

Mwanapangani

Bro kasoma uzi wote, kasema sawa. Jumatatu tunaenda na mzee, mimi na bro tunapimwa hukohuko, dada yupo Dodoma nimemtumia haya maelezo ataenda ya kwake. Mzee hana pumu ila ana sukari kidogo, hilo nalo nimwambie daktari?

OptoMoro

Mwambie, tena mapema. Sukari inaharibu mishipa midogo ya retina, wampanue mboni waangalie nyuma ya macho yote mawili siku hiyohiyo. Akitoka hapo ataona ukungu kwa saa kadhaa, asitembee peke yake.