Naomba ushauri: mipangilio ya kamera kwa kupiga picha magari yanayokimbia

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, natumia Canon 700D na lenzi ya 55-250. Siku hizi nikitoka kazini nakwenda barabara ya Singida kupiga picha mabasi na malori, na kazi hii naipenda mno.

Shida ni hii. Nikiweka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/1000 ya sekunde gari linatoka kali, hata namba inasomeka, lakini matairi yameganda. Basi lililokuwa mbio linaonekana kama limeegeshwa. Nikishusha hadi 1/60 na kulifuata gari kwa kamera, mandhari ya nyuma inavutika vizuri sana, ila gari lenyewe nalo linatoka na ukungu. Katika picha 30 napata labda mbili. Halafu mchana jua la huku ni kali, kwa 1/60 na ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga, ukiwa chini kabisa) nalazimika kubana tundu la lenzi hadi f/22, yaani dogo sana, na ukali wa picha unapungua.

Nianzie 1/125 mpaka mkono uzoee? Kichujio cha kupunguza mwanga kitanisaidia, au nibaki na jioni tu? Kwenye AI Servo (fokasi inayofuata kitu kinachosogea) nitumie nukta ya fokasi ya katikati peke yake au zote tisa? Na kile kidhibiti mtikisiko cha lenzi, nikiwashe au nikizime?