Mfanyakazi wa kumi na nafuu ya tozo ya mishahara

Fundi Samani (Oktoba 2023)
Ndugu zangu, nina karakana yenye mafundi 9, na kila mmoja namlipa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kuna kijana aliyehitimu chuo cha ufundi ambaye kila Jumatatu huja kuulizia kazi, lakini nikimchukua nitafikisha watu 10 na kuingia kwenye Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi (SDL) ya hapa Tanzania, ambayo kwa kiwango cha 3.5% kilichoanza Julai hutozwa kwenye mishahara ya wote. Hiyo ni shilingi 140,000 kila mwezi. Je, kuna nchi iliyowahi kumsamehe mwajiri kodi ya namna hii kwa kuwa amemwajiri asiye na kazi?

Mhasibu Mstaafu
Ndugu, ipo. Sheria ya HIRE ya Marekani, iliyosainiwa na Rais Obama tarehe 18 Machi 2010, ilimwondolea mwajiri mchango wake wa 6.2% wa hifadhi ya jamii kwa mshahara wa mwajiriwa mpya hadi mwisho wa mwaka huo, na serikali ikaufidia mfuko. Mwajiriwa alithibitisha kwa kiapo kwamba katika siku 60 zilizotangulia hakufanya kazi zaidi ya saa 40. Jamaa wa mwajiri hawakuhusika, wala aliyeziba nafasi ya mwingine, isipokuwa kama huyo aliacha kwa hiari au aliachishwa kwa sababu halali (wajanja wangepitia hapo hapo). Mwajiriwa akidumu wiki 52 mfululizo, mwajiri alipata nafuu nyingine isiyozidi dola 1,000.

Mdau
Mimi nina shaka, kwa sababu mwajiri asiye na oda haajiri hata akisamehewa 6.2%, na mwenye oda angeajiri hata bila msamaha. Afrika Kusini, tangu Januari 2014, nafuu imelengwa kwa vijana wa miaka 18 hadi 29 wenye mishahara midogo, kwa muda usiozidi miezi 24, na mwajiri huikata kwenye kodi ya mapato ya wafanyakazi (PAYE) anayowasilisha. Kwa mshahara mdogo angalau inakuwa na uzito. Je, wewe oda unazo?

Fundi Samani
Ninazo, Mdau: madawati 120 ya kukabidhi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kinachonizuia ni kuruka ghafla kutoka sifuri hadi 140,000. Kama kwa mwaka wa kwanza tozo ingehesabiwa kwenye mshahara wa huyo wa kumi pekee, ningelipa 14,000, na Jumatatu ijayo asingekuja kuulizia kazi bali kuianza.