Windows 10 ndo hivyo imefika mwisho, desktop ya nyumbani niipandishe 11 au niiache?

kijiti_cha_flashi
Wakuu heshima kwenu. Nina desktop ya nyumbani, Windows 10, ram GB 8, hadi diski ile ya kuzunguka ya TB 1, na kiukweli haijawahi kunisumbua zaidi ya uvivu wa kuwaka, naiwasha naenda kupiga mswaki nikirudi ndo aikoni zinaanza kutokea moja moja. Sasa toka Oktoba 14, 2025 apdeti za kawaida zisimame kila mtu ananiambia pandisha 11, nikajaribu, ikanijibu haikidhi vigezo. Watoto wanaisomea, mama watoto ana hesabu zake za miaka yote mle ndani, na kuna skana ya zamani ambayo naipenda kuliko hata hiyo kompyuta yenyewe. Nilazimishe, niache hivyo hivyo, au ndo nianze kujipanga kwa nyingine? Msinicheke, mi si mtu wa IT.

tochi_gizani
Mkuu kabla ya yote, prosesa gani? Hapo ndo wengi wanakwama, kwa Intel wanataka kuanzia kizazi cha 8. Ram wanadai 4 tu, ila 11 kwenye ram 4 utaichukia.

kijiti_cha_flashi
Imeandika i5-8400.

tochi_gizani
Ahaa, 8400 hicho ni kizazi cha 8, umepona. Hapo nina wasiwasi TPM, ile chipu ya usalama ambayo 11 inaidai, imezimwa tu. Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika tpm.msc. Ikikwambia haioni kitu ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio unayoifungua kabla Windows haijawaka, ukaitafute, kwenye ubao wa Intel imejificha kwa jina la PTT, wa AMD wanaiita fTPM. Kuna watu wametupa kompyuta nzima kwa swichi moja iliyozimwa.

skrini_ya_bluu
Subiri kwanza mkuu usikimbilie BIOS, mi niliingia huko kwa mbwembwe hivyo hivyo. Wanataka pia Secure Boot, ule ulinzi wakati wa kuwaka, nayo haikubali mpaka utoke Legacy, njia ya zamani ya kuwasha, uende UEFI, njia mpya, basi mi nikabadilisha nikaseva nikatoka, kompyuta ikawaka na skrini nyeusi ya maandishi inasema haioni diski ya kuwakia, moyo ukaenda mbio nikajua picha zote zimekwenda. Kumbe hakuna kilichofutika, diski ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR na UEFI inataka ule mpya wa GPT, nikarudisha Legacy ikawaka kama kawaida. Baada ya hapo nikafungua dirisha la amri kama admini nikaandika mbr2gpt /validate /allowFullOS, hiyo inakagua tu haigusi kitu, ikakubali nikarudia na /convert pale penye /validate, ndo nikaenda kubadilisha BIOS. Na bakapu kwanza, hesabu za shemeji zitoe nje ya hiyo mashine leo leo, usiniambie wikiendi.

bado_nipo_na_10
Mi nimebaki na 10 na sijafa. Si lazima ukimbizane, kuna ule mpango wa nyongeza wa ESU, unajiunga kwenye sehemu ya Windows Update unapata apdeti za usalama mpaka Oktoba 13, 2026. Inataka uwe na akaunti ya Microsoft, hapo ndo wengine wanaguna.

tochi_gizani
Hiyo ni kununua muda tu, kwa mwenye prosesa ya kizazi cha 6 ingekuwa na maana. Mwenzetu mashine inakubali, asubiri nini?

diski_ya_mkaa
Mnazunguka wakuu. Mtu anapiga mswaki kompyuta inawaka, halafu mnamjadilia TPM? Hiyo hadi diski ndo ugonjwa. Weka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, hamishia kila kitu kama kilivyo, halafu ndo upandishe. Ukipandisha juu ya hadi diski utarudi hapa kuitukana 11 bure wakati kosa ni la diski. Na ile ya zamani usiifute, iweke kabatini, tayari una bakapu moja.

skrini_ya_bluu
Hapo naunga mkono asilimia mia. Ila skana mkuu, ingia tovuti ya waliotengeneza uone kama wana draiva ya 11, ile programu inayoifanya Windows iitambue skana. Nyingi za 10 zinakubali ila printa yangu moja iligoma moja kwa moja nikabaki nayo kama stuli. Ikigoma na wewe, una siku 10 za kurudi kwenye 10 kupitia Settings, System, Recovery. Siku hizo zikipita lile folda la Windows.old linafutwa na njia ya kurudi imefungwa, mpaka upige Windows upya.

kijiti_cha_flashi
Wakuu mmenisaidia kweli. tpm.msc ilisema haionekani, nimeikuta hiyo PTT imezimwa kama mlivyosema, ila sijaigusa, nimetoka taratibu kama mtu aliyeingia nyumba siyo yake. Hesabu za mama watoto zinakopika kwenye diski ya nje naandika hapa huku naangalia. SSD kwanza, halafu 11, skana nitaijaribu nikishatulia.

skrini_ya_bluu
Hapana mkuu, skana siku ile ile ya kwanza. Siku 10 ukiwa na watoto ni kesho tu.